Jinsi mkaa unavyochora kuta nyeupe za Wajir

Anayenuia kuchora kwa mkaa majengo ya enzi ya ukoloni mjini Wajir hukabiliwa na fumbo: mkaa ni mweusi, ilhali kuta zenyewe zilipakwa chokaa nyeupe.

Jawabu ni kwamba ukuta hauchorwi. Mchoraji huiacha karatasi tupu mahali pa ukuta, akatia giza kandokando yake: mlango ulio wazi, dirisha, kivuli cha paa. Aidha, anaweza kuipaka karatasi nzima vumbi la mkaa, kisha akaondoa weusi kwa ufutio laini, au hata kwa tonge la mkate, hadi ukuta ujitokeze.

Mkaa wa jikoni aghalabu ni mgumu na hukwaruza karatasi. Unaofaa hutokana na vijiti vyembamba vilivyokauka, vikafungiwa ndani ya mkebe wenye tundu dogo na kutiwa motoni mpaka moshi ukome. Kwa kuwa hewa ni haba, vijiti havigeuki jivu, bali huwa mkaa laini unaosambazwa kwa kidole. Mchoro ukikamilika hupuliziwa dawa ya kuugandisha, la sivyo hufutika upesi.

Saa ya kuchora nayo ni muhimu. Garissa na Wajir ziko karibu na ikweta, hivyo adhuhuri jua hukaribia utosini na vivuli hufupika. Asubuhi na jioni vivuli hurefuka, na nyufa za kuta zikaonekana bayana.

Nyufa hizo zina historia. Sheria ya Wilaya Maalumu ya mwaka 1934 ilidhibiti nyendo za wenyeji wa Kaskazini mwa Kenya. Baada ya uhuru, eneo hilo liliwekwa chini ya hali ya hatari mnamo Desemba 1963, na kanuni zake hazikuondolewa hadi 1991. Jengo ambalo kwa ofisa wa kikoloni lilikuwa makao, kwa mfugaji lilikuwa mahali pa kuombea kibali. Mchoro unaosifu weupe wa ukuta pekee husimulia nusu ya habari.

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inaruhusu majengo ya kale kutangazwa kuwa kumbukumbu za kulindwa. Hata hivyo, tangazo hulinda mawe tu. Hofu ya aliyengoja nje huhitaji mkono wa mchoraji, anayekoleza giza la mlangoni kuliko macho yalivyoliona.