Gari la Umeme Lililotumika: Tuchunguze Kabla ya Kulipa

Katika miezi ya karibuni tumepokea maombi kutoka kwa kamati kadhaa za parokia zinazotaka kununua gari dogo la umeme lililokwisha kutumika. Magari hayo yanakusudiwa kwa kliniki za mkoba, kutembelea wagonjwa na kufuatilia miradi ya maji. Sababu zinazotolewa ni za msingi. Gari la umeme halihitaji petroli wala oili ya injini, na linaweza kuchajiwa usiku likiwa limeegeshwa nyumbani kwa paroko. Wafadhili wetu nao wameuliza kama michango yao inaweza kutumika kwa ununuzi wa namna hiyo.

Jibu letu ni ndiyo, kwa sharti moja: kamati iijue historia ya gari kabla ya kulipa. Gari lililopata ajali, likanyooshwa na kupakwa rangi upya, huweza kung'aa kuliko jipya. Kwa gari la petroli hasara yake mara nyingi huonekana mapema na fundi wa kawaida huweza kuirekebisha. Kwa gari la umeme, hasara huweza kulala ndani ya betri kwa miezi mingi bila dalili yoyote, kisha ikajitokeza siku ambayo gari linahitajika kuliko siku zote.

MAGARI HAYA YANATOKA WAPI

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania na Kenya hutoka Japani, na mengine Uingereza, kwa kuwa nchi hizo nazo huendesha upande wa kushoto wa barabara. Gari la umeme linaloonekana zaidi kati ya hayo ni Nissan Leaf, ambalo lilianza kuuzwa Desemba 2010. Matoleo ya kwanza yalikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Baadaye zilikuja betri za 30, kisha 40 mwaka 2017, na 62 mwaka 2019.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8. Tanzania huruhusu magari ya umri mkubwa zaidi lakini huyatoza kodi ya ziada ya uchakavu. Kwa sababu hiyo kamati iliyoko Tanzania ina nafasi kubwa zaidi ya kuuziwa Leaf ya miaka ya mwanzo, yenye betri ndogo iliyokwisha kuchoka, hata kama haijawahi kugongwa.

KWA NINI AJALI YA GARI LA UMEME NI TOFAUTI

Betri ya Leaf haikai mbele chini ya boneti kama ile tuliyoizoea. Imelazwa chini ya sakafu ya gari, chini ya viti, na uzito wake ni karibu kilo 300. Ndani yake mna seli 192, zilizounganishwa katika jozi 96 zinazofuatana kama pete za mnyororo. Nguvu yake hufikia volti zipatazo 360, ambazo ni nyingi kuliko umeme wa ukutani na zinatosha kuua.

Mpangilio huo una maana tatu kwa mnunuzi.

Kwanza, kinachoweza kuumiza betri si kugongana na gari lingine pekee. Jiwe kubwa, ukingo wa barabara au jeki iliyowekwa mahali pasipofaa huweza kubonyeza kasha la betri kutoka chini, wakati bodi ya juu haina hata mkwaruzo.

Pili, jozi moja dhaifu huiangusha betri nzima. Gari hujilinda kwa kupunguza nguvu au kusimama pindi jozi hiyo inapoishiwa, hata kama nyingine 95 bado zina umeme. Dereva huona kwamba gari lililosemekana kwenda kilomita 100 linachoka kilomita ya 40, hasa kwenye mlima.

Tatu, kasha likipoteza muhuri wake, maji na unyevu huingia polepole. Gari lina kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenda kwenye bodi. Likigundua uvujaji, huwasha taa ya onyo na huweza kukataa kuwaka kabisa. Hapo ni sahihi likatae, maana linawalinda waliomo ndani.

Parokia moja tunayoifahamu ilipitia hali hiyo. Gari lilinunuliwa kwa fedha za mavuno ya msimu mzima ili limpeleke mkunga kwenye vigango vya mbali. Lilifanya kazi vizuri wakati wote wa kiangazi. Mvua za masika zilipoanza, lilikataa kuwaka. Fundi alipolinyanyua alikuta kasha la betri limebonyea na limepakwa rangi nyeusi juu ya bonyeo hilo. Betri nyingine iligharimu zaidi ya bei ya gari lenyewe. Mkunga alirudi kupanda bodaboda, na gari bado limesimama chini ya mwembe.

KARATASI YA MNADA INASEMA NINI

Nchini Japani magari mengi yaliyotumika hupita kwenye minada kabla ya kusafirishwa. Mkaguzi wa mnada, ambaye si muuzaji, hulichunguza gari na kujaza karatasi yenye alama na mchoro. Karatasi hiyo ni shahidi muhimu, na kila kamati inapaswa kuidai.

Juu ya karatasi kuna daraja. Gari zuri la kawaida hupata 4 au 4.5. Herufi R au RA maana yake ni gari lililopata ajali na kutengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Kwa hiyo XX kwenye boneti pamoja na W kwenye mabawa yote mawili ya mbele ni habari ya gari lililogonga kitu kwa mbele, hata kama muuzaji anaapa kwamba halijaguswa.

Hata hivyo, karatasi hii ina mipaka yake. Wajapani wanaposema gari lina historia ya matengenezo ya ajali, wanamaanisha hasa mifupa ya gari: fremu, nguzo, sakafu na sehemu nyingine zinazobeba uzito. Mlango au bampa lililobadilishwa halihesabiwi humo. Utaratibu huo ulijengwa kwa ajili ya chuma. Gari linaweza kuwa na daraja zuri huku kasha la betri likiwa na jeraha. Karatasi safi ni mwanzo wa uchunguzi, na uchunguzi hauishii hapo.

Tena karatasi hughushiwa. Muuzaji huweza kutuma picha iliyokatwa sehemu ya daraja, au ya gari lingine kabisa. Kamati ichukue namba ya chasisi, ambayo kwa Leaf huanza na ZE0, AZE0 au ZE1, na kuipeleka kwa huduma huru inayothibitisha rekodi za minada. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya gari.

Kwa gari la Uingereza, upo msaada mwingine. Tangu Oktoba 2017, gari ambalo bima imelikatia tamaa huwekwa katika kundi A, B, S au N. A na B hayaruhusiwi kurudi barabarani. S liliumia mifupa, na N liliumia sehemu nyingine. Aidha, historia ya ukaguzi wa kila mwaka pamoja na kilomita au maili zilizosomwa hupatikana bure katika tovuti ya serikali ya nchi hiyo kwa kutumia namba ya usajili.

Ikumbukwe pia kuwa cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirisha huangalia kama gari linafaa kutembea barabarani siku ile. Hakisimulii yaliyolipata huko nyuma.

MAJI NI AJALI ISIYOACHA BONYEO

Gari lililozama halina alama ya kugongwa, hivyo ni rahisi kulificha. Mwaka 2019 kimbunga Hagibis kilipoipiga Japani, treni 10 za mwendo kasi zenye mabehewa 120 zilifurika maji mjini Nagano, na zote ziliondolewa katika huduma. Kama shirika la reli lenye mafundi wa kutosha liliona ni heri kuzitupa, sisi wenye gereji ya kijijini tusijipe moyo kwamba gari lililozama litakauka juani.

Maji ya chumvi ni mabaya zaidi. Huacha chumvi inayopitisha umeme mahali usipopaswa kupita. Baada ya kimbunga Ian kulikumba jimbo la Florida, Marekani, mwaka 2022, magari ya umeme yaliyozama yaliendelea kushika moto siku na hata majuma baada ya maji kupungua. Mamlaka za usalama barabarani za huko hushauri gari la namna hiyo liegeshwe umbali wa mita 15 au zaidi kutoka kwenye majengo na magari mengine.

Jambo hili halituhusu kwa magari ya ng'ambo tu. Mafuriko ya mwaka 2024 yalizamisha magari mengi Kenya na Tanzania. Mnunuzi anayenunua hapa hapa nchini naye ana haki ya kuuliza.

HATUA ZA KUFUATA

Tunashauri kila kamati ifuate hatua hizi, kwa mpangilio huu:

1. Dai karatasi halisi ya mnada na cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kuuza nje. Linganisha namba ya chasisi ya karatasi zote na ile iliyogongwa kwenye gari.

2. Linyanyue gari na ulitazame chini. Kasha la betri liwe limenyooka, bila rangi mpya, gundi mpya wala bolti zilizokwanguliwa. Nyaya za rangi ya chungwa ndizo zenye umeme mkubwa. Zisiwe na viraka vya utepe. Asiyesomea umeme huo asizishike.

3. Angalia nafasi kati ya milango, boneti na mabawa. Ziwe sawa pande zote mbili. Vioo vyote viwe vya mtengenezaji mmoja na miaka inayokaribiana.

4. Vuta mikanda yote hadi mwisho. Mkanda uliokwama au wenye tope kwenye mikunjo una habari ya kukupa. Inua zulia, nusa, na tazama kutu kwenye reli za viti.

5. Washa gari na uitazame taa ya mifuko ya hewa ya usalama. Inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha kuzimika. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa ili kuficha kwamba mifuko ilikwisha kufyatuka na haikurudishwa.

6. Pima betri kwa kifaa. Kwa Leaf ipo programu ya simu iitwayo LeafSpy, inayosoma afya ya betri na volti za jozi zote 96 kupitia kiunganishi kidogo. Usitegemee vipimo 12 vya dashibodi peke yake, kwani vinaweza kuchezewa vikaonekana vimejaa, kisha vikashuka baada ya majuma machache.

7. Endesha gari, ikiwezekana kwenye mlima, betri ikiwa imebaki chini ya nusu, kisha pima tena. Jozi moja ikishuka peke yake wakati nyingine zimetulia, kuna seli iliyoumia au iliyochoka. Fundi asome pia kumbukumbu za hitilafu kabla na baada ya safari, kwa sababu wapo wanaozifuta asubuhi ya mauzo.

8. Mwambie muuzaji aandike na kusaini kwamba gari halijapata ajali, halijazama, na betri yake haijafunguliwa. Sheria za mauzo ya bidhaa, Sura ya 214 Tanzania na Sura ya 31 Kenya, humlinda mnunuzi kwa kiasi fulani, lakini aliyekwisha kulikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuiona. Tamko la maandishi huipa kamati mahali pa kusimama.

Muuzaji anayekataa hatua mojawapo kati ya hizi amekwisha kujibu swali. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

KUHUSU BEI

Kamati nyingi huvutwa na bei ya chini. Lakini mamlaka za kodi za Tanzania na Kenya hukadiria magari yaliyotumika kwa thamani zao wenyewe, kulingana na aina na umri wa gari. Gari lililonunuliwa kwa bei ya kutupa kwa sababu liligongwa huweza kutozwa kodi sawa na lililo zima. Nauli ya meli na gharama za bandari nazo hazipungui. Akiba iliyoonekana mnadani huyeyuka kabla gari halijatoka Dar es Salaam au Mombasa, na jeraha hubaki.

Tunasema pia wazi kwamba si kila gari lililowahi kugongwa ni baya. Bampa lililobadilishwa vizuri si sababu ya kulikataa gari, mradi muuzaji amelisema, bei imelizingatia, na betri imepimwa. Tunachokataa ni kununua bila kujua.

WITO WETU

Kwa kamati za parokia: tengeni katika bajeti fedha za uthibitisho wa karatasi na za fundi anayeyajua magari ya umeme, kabla ya kutenga fedha za gari lenyewe. Taarifa ya fundi isomwe kwenye kikao na iwekwe kwenye faili. Mwanakamati anayesema "tungoje kwanza" asionekane kuwa mkorofi.

Kwa wafadhili wetu: mkiona katika taarifa zetu gharama ya ukaguzi wa gari ambalo mwishowe halikununuliwa, msidhani fedha hizo zimepotea. Zimeokoa mchango wenu, na zimemwepusha mkunga kukwama njiani usiku akiwa na mama mjamzito.

Kamati yenye gari inalolifikiria inakaribishwa kutuletea nakala za karatasi zake, nasi tutazipitia pamoja kabla ya malipo yoyote kufanyika.