Tovuti Chini ya Paa Moja: Kwa Nini Vizuizi?

Katika mji wa Kasese, na vivyo hivyo huko Bwera karibu na mpaka wa Kongo, tovuti si tena kitu cha mashirika makubwa peke yao. Shule yaweza kutangaza nafasi za masomo kwa njia hiyo; chama cha akiba na mikopo chaweza kuwapasha habari wanachama wake; na wakulima wa kahawa wa miteremko ya Rwenzori waweza kujulikana na wanunuzi walio mbali. Hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini yapo manung'uniko ya vijana wanaozitengeneza tovuti. Wanasema kwamba programu iliyofanya kazi vizuri katika kompyuta ya nyumbani, ikifikishwa kwa kampuni inayohifadhi tovuti, hukwama. Hukatazwa kufungua faili fulani, hukatazwa kuita programu nyingine, na pengine hukatazwa hata kutuma barua pepe. Je, makatazo haya ni ukorofi wa kampuni, au yana sababu? Mazungumzo yetu ya leo yanakusudia kulijibu swali hilo.

Kwanza hapana budi tufahamu tovuti hukaa wapi. Tovuti hukaa ndani ya kompyuta iwashwayo usiku na mchana, nayo huitwa seva. Kukodi seva nzima ni gharama ambayo chama kidogo cha ushirika hakiwezi kuimudu. Kwa hiyo kampuni huigawa seva moja kwa wateja makumi, pengine mamia, na kila mmoja hulipa kodi ndogo. Hivyo chama cha akiba cha Bwera chaweza kukaa katika seva moja na duka la Nairobi na kwaya ya London, na hakuna amjuaye mwenziwe.

Hebu tuifananishe seva hiyo na ghala la kahawa. Wakulima mia moja wameweka magunia yao chini ya paa moja, na kila gunia lina jina la mwenyewe. Mtunza ghala ni mmoja, na ufunguo wake hufungua kila chumba. Mkulima akitaka kitu haingii mwenyewe. Huandika karatasi ya maagizo, na mtunza ghala huitekeleza. Katika seva, karatasi hizo ndizo ziitwazo skripti, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta. Lugha iliyoenea mno kwa kazi hiyo ni PHP, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1995 na Rasmus Lerdorf. Kwa lugha hiyo ndiyo imeandikwa WordPress, programu inayoendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani.

Hatari iko wapi? Iko katika ule ufunguo mmoja. Karatasi ikisema, "Niletee gunia la jirani," mtunza ghala asiyeuliza atalileta, kwa maana yeye ana ruhusa ya kugusa kila gunia. Katika seva iliyopangwa kwa mtindo wa zamani, skripti za wateja wote hutekelezwa kwa jina la mtumishi mmoja. Kwa hiyo skripti ya mteja mmoja yaweza kusoma faili za mteja mwingine, pamoja na ile faili yenye neno la siri la kufungulia kumbukumbu zake zote. Wala si lazima jirani awe mwizi. Yatosha awe mzembe. Tovuti yake ikiachwa miaka mitatu bila marekebisho, mwizi ataingia kwake, kisha kutoka kwake atapenya kwako. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Watengenezaji wa PHP walijaribu kuikabili hatari hiyo kwa kizuizi kilichoitwa safe_mode. Kizuizi hicho kilimtaka mtunza ghala atazame jina la mwenye karatasi na jina la mwenye gunia, na yakitofautiana, akatae. Shauri hilo lilionekana jema, lakini lilikuwa na kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza, liliwaumiza wenye haki. Folda iliyoundwa na skripti yenyewe iliandikwa jina la mtumishi wa seva, si jina la mteja. Na mteja alipotaka kuweka picha ndani yake, alikataliwa katika mali yake mwenyewe. Wengi walichoka. Wakaziunda folda hizo kwa mikono yao, kisha wakaziacha wazi ziandikwe na kila mtu, kwa ile ruhusa ijulikanayo kwa tarakimu 777. Hapo wakawa wameruka majivu na kukanyaga moto.

Kasoro ya pili, mtunza ghala alikuwa na wasaidizi. Zilikuwamo katika seva programu za lugha nyingine ambazo hazikutazama majina kamwe, na aliyezituma hizo alikipita kizuizi kando. Waandishi wa PHP wenyewe walieleza katika kitabu chao cha maelezo kwamba hapo hapakuwa mahali pake pa kulitatulia tatizo hilo. Mwaka 2009, katika toleo la 5.3, walitangaza kwamba kizuizi hicho kitaachwa. Na mwaka 2012, katika toleo la 5.4, kikaondolewa kabisa.

Njia iliyo bora ni kumwondolea mtunza ghala ule ufunguo mmoja. Kila mkulima apewe mtunzaji wake, mwenye ufunguo wa chumba kimoja tu. Programu ya seva iitwayo Apache ilikuwa na njia ya namna hiyo, yaani suEXEC, tangu miaka ya 1990. Na siku hizi PHP yenyewe huweza kuendeshwa kwa makundi, kila kundi kwa jina la mteja wake. Hapo hata karatasi ikiagiza gunia la jirani, mlango haufunguki, kwa sababu anayekataa ni mfumo mkuu wa kompyuta, wala si hiari ya mtunzaji. Vizuizi vingine vimebaki kuwa nyongeza. Kipo open_basedir, kinachoiambia skripti isitoke nje ya folda iliyowekewa. Na ipo orodha ya amri zilizofungwa, hasa zile za kuita programu nyingine. Vyote hivyo vinafaa, lakini ni uzio wa miiba, si ukuta wa mawe.

Mambo haya si ya kufikirika. Mwezi Januari 2012, tovuti zaidi ya 100 za serikali ya Kenya zilivamiwa kwa pamoja. Mwezi Agosti mwaka huo huo, tovuti ya Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda nayo ikavamiwa. Si kila uvamizi hupitia kwa jirani. Lakini zikianguka tovuti mia moja kwa pigo moja, swali la kwanza la mtu mwenye busara ni hili: kati yao palikuwa na kuta za namna gani?

Watu wa Bwera hawahitaji kufundishwa maana ya kizuizi. Mwezi Juni 2019, mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na jamaa zake aligunduliwa kuwa na Ebola, akalazwa katika kituo cha Bwera. Mpakani Mpondwe watu walinawa mikono na kupimwa joto la mwili, awe mchuuzi wa sokoni au mama aendaye kumtazama ndugu yake. Kupimwa hakukuwa kutuhumiwa. Wote walipimwa kwa sababu mgonjwa mmoja angeweza kuwadhuru wengi. Kizuizi katika seva ya pamoja kina maana hiyo hiyo.

Kwa hiyo basi, kabla chama cha Kasese au shule ya Bwera haijalipa kodi ya tovuti, viongozi waiulize kampuni maswali matatu. Je, skripti za kila mteja huendeshwa kwa jina lake mwenyewe? Je, toleo la PHP linalotumika bado linarekebishwa na watengenezaji wake? Je, nakala za akiba huwekwa nje ya seva hiyo? Kampuni ikishindwa kujibu, urahisi wa bei usiwe kishawishi. Nao vijana, programu inapokwama, wasiombe kizuizi kiondolewe kabla ya kujua kinamlinda nani. Waiepuke ruhusa ya 777, wafute programu zisizotumika, na wafanye marekebisho kila yanapotolewa.

Tena liko suala la sheria. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka kila akusanyaye habari za watu azilinde, na zikiingiliwa aiarifu mamlaka husika mara moja. Chama hakiwezi kujivua jukumu hilo kwa kusema kwamba seva ni ya mtu mwingine. Jina la mwanachama, namba yake ya simu na hesabu ya akiba yake ni amana aliyoikabidhi kwa chama, si kwa kampuni asiyoijua.

Ndugu wasikilizaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika seva ya pamoja, ufa wa jirani ni ufa wako, na wako ni wake. Anayelalamikia kizuizi ana haki ya kuuliza kama kimewekwa mahali panapofaa. Lakini asisahau kwamba upande wa pili wa kizuizi hicho kuna mkulima mwingine, na gunia lake.