Fremu za Baiskeli za Kale Zafufuliwa Uingereza

Huko Uingereza wapo watu ambao wakiona fremu ya baiskeli ya zamani imetupwa nyuma ya banda, haina magurudumu wala kiti, huinama wakaipindua. Hutafuta namba iliyogongwa chini, penye ekseli ya pedali, maana namba hiyo yaweza kuwajulisha ni nani aliyeifanya, na mwaka gani.

Fremu hizo si za kiwanda kikubwa, kama zile za Raleigh ya Nottingham zilizojulikana sana Afrika ya Mashariki. Zilifanywa moja moja, kwa kipimo cha mpandaji. Mabomba ya nyingi katika hizo yalitoka Birmingham. Mwaka 1897 Alfred Reynolds alipata hati ya kulinda ufundi wake wa kufanya bomba lililo nene miishoni na jembamba katikati, ili liwe jepesi bila ya kupungua nguvu penye maungio. Mwaka 1935 kampuni iliyotokana na kazi yake ikatoa feleji iitwayo 531, yenye manganizi na molibdeni. Fundi aliyachomeka mabomba hayo katika viungo vya chuma alivyokwisha kuvichonga kwa tupa, akaviunga kwa shaba iliyoyeyushwa. Kazi ya Hetchins wa Tottenham, London, hutambulikana hata kwa mbali: tangu miaka ya 1930 mabomba yake ya nyuma yalipindwa kama mwendo wa nyoka, na mwenyewe alidai kwamba hupunguza mtikisiko. Dai hilo limebishiwa sana, lakini uzuri wake haubishiwi.

Kuifufua fremu ya namna hii kwataka subira. Kutu huanza ndani ya bomba, na rangi nzuri yaweza kuficha feleji iliyokwisha liwa. Taabu nyingine ni mti wa kiti wa alumini ulioshikana na fremu. Mwenye haraka hushika nyundo, na bomba lile jembamba likapasuka. Mwenye akili humimina mafuta akangoja siku nyingi. Ikishindikana kabisa hutumia kostiki soda, ambayo hula alumini ikaiacha feleji. Nayo huunguza ngozi na kupofusha macho, basi si ya kuchezewa.

Ubishi mkubwa u katika rangi. Wako wanaoikwangua yote kwa mchanga wa kupulizwa, fremu ikang'aa kama mpya. Lakini mchanga huo ukizidi hula ile michongo ya tupa ambayo ndiyo thamani yenyewe. Wengine huacha rangi ya kwanza pamoja na mikwaruzo yake, na mistari iliyochorwa kwa brashi. Katika Veteran-Cycle Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1955, wamo wa pande zote mbili. Mfufuaji mwaminifu, kabla ya kukwangua, hupiga picha na kupima kila herufi; kisha huandika katika daftari yaliyo ya asili na yaliyo mapya, ili mnunuzi ajaye asidanganywe.