Mshubiri wa Mama Katika Mwanga Mweupe

Dada yetu aliyeko Maskati alitutaka picha ya mshubiri wa marehemu mama, Mola amrehemu, nasi tukapenda itoke nyeupe na nyororo, ipendeze ukutani. Asubuhi tuliliweka debe lake kando ya dirisha, pasipopigwa na jua kali, tukatundika shuka nyeupe nyuma yake. Kamera ya simu, ikiona weupe mwingi, huupunguza mwanga. Shuka ikatoka ya kijivu. Basi tuligusa jani kwenye kioo, tukakipandisha kialama cha jua hadi nyuma pakawa peupe pe. Kuzidisha hakufai: miiba ya ukingoni humezwa na weupe, na mshubiri usio miiba ni jani tu.

Kisha tukaitia kichujio cha rangi za maji. Lo, uzuri ulioje! Dada akajibu kwa swali: “Kovu liko wapi?”

Jani lile mama alilikata kwa mkono wake, Ramadhani yake ya mwisho, dada alipounguzwa na mafuta ya kaimati. Kichujio kilikuwa kimelifuta kovu. Tuliirudia picha ya asili, tukakipunguza kichujio hadi robo ya nguvu yake, na ile alama ya hudhurungi ikasalia. Hiyo ndiyo iliyotundikwa Maskati.