Sura ya 7: Jahazi Lililopanda Juu ya Wimbi

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: sekunde 12 za kufungulia kipindi cha televisheni. Anga, mawimbi mawili, jahazi jeupe linalopita katikati yake, basi. Niliitengeneza kwa After Effects. Wimbi la nyuma nililiweka kwenye Z ya 600, jahazi 300, wimbi la mbele 0. Jahazi likapita vizuri, tumbo limezama nyuma ya wimbi la mbele, tanga peke yake ndilo linaloonekana lote.

Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, mteja akaomba bahari iwekwe wekundu wa magharibi, ila jahazi libaki na weupe wake. Jambo la dakika moja. Nikaongeza leya ya marekebisho ya rangi, nikaiweka juu ya mawimbi na chini ya jahazi. Papo hapo jahazi likaruka mbele ya wimbi, likawa linaelea hewani na tumbo lote nje.

Nikafanya kinachofanywa na kila aliyepatwa na hili: nikalisukuma nyuma. Z 500, bado. Z 2000, bado. Z 20000: jahazi likapungua hadi kulingana na ganda la korosho, na ganda hilo la korosho likaendelea kupita mbele ya wimbi.

Bunda na kamba

Ukiingia kwenye duka la kanga utaziona zimewekwa kwa namna mbili. Nyingine zimekunjwa na kupangwa bunda. Hapo hakuna mjadala: ya juu ndiyo inayoonekana, na iliyo chini yake imefunikwa. Nyingine zimetundikwa kwenye kamba, moja nyuma ya nyingine. Hizo hutegemea umesimama wapi. Kanga iliyo karibu nawe huificha ya mbali, na ukizunguka upande wa pili, ile ya mwisho inageuka kuwa ya kwanza.

Leya za 2D ni bunda. Programu huanza na leya ya chini kabisa kwenye orodha, ikapanda mpaka ya juu, kila moja ikifunika iliyotangulia. Leya za 3D ni kanga za kwenye kamba: anayeamua ni umbali kutoka kwenye kamera, na nafasi ya leya kwenye orodha haina neno. Ndiyo maana jahazi langu lilikaa juu kabisa ya orodha kwa siku nne, kwa kuwa ndilo nililoliingiza mwisho, na hakuna kilichoharibika. Sheria ya kamba ilikuwa inalilinda.

Taabu huanza sheria zote mbili zinapokutana kwenye kazi moja, na hukutana kwa sababu ya historia. After Effects ilitoka mwaka 1993, na kwa miaka minane ilijua bunda tu. Leya za 3D zilikuja na toleo la 5, mwaka 2001. Sheria mpya ikapachikwa juu ya ile ya zamani, na ya zamani haikufutwa. Wachoraji wa filamu waliotangulia kompyuta hawakuwa na mkanganyiko huo. Lotte Reiniger, kwenye filamu yake ya mwaka 1926 kuhusu mwanamfalme Achmed, alipanga vioo ngazi kwa ngazi chini ya kamera. Studio ya Walt Disney ilifanya vivyo hivyo kwa mtambo mkubwa zaidi katika The Old Mill, mwaka 1937. Kioo kilichokuwa juu kilikuwa juu kweli, na mtu aliweza kukigusa. Sisi tunaona namba tu, na namba haisemi ni sheria gani inayoihukumu.

Ukuta usioonekana

Programu inaposoma orodha kutoka chini, leya za 3D zinazofuatana huzikusanya kuwa kundi moja, na ndani ya kundi hilo huzipanga kwa umbali. Ikikutana na leya ya 2D inayoonekana, kundi linafungwa. Leya za 3D zilizo juu yake zinaanza kundi jingine. Makundi hayo mawili sasa yanafuata sheria ya bunda: lote la juu hufunika lote la chini, hata kama la juu lina kitu kilichosukumwa mpaka Z ya 20000.

Leya yangu ya marekebisho ilikuwa ukuta wa namna hiyo. Mawimbi yalibaki chumba cha chini, jahazi likahamia cha juu. Nilikuwa nasukuma kabati ndani ya chumba cha ghorofani nikitumaini litashuka sebuleni.

Kuta zipo za aina kadhaa, na nyingine hazina sura ya ukuta. Kuna leya ya 2D ya kawaida. Kuna leya ya marekebisho. Kuna leya ya 3D iliyopewa staili ya leya, kama vile kivuli au mwangaza wa pembeni. Hii huwapata wengi, kwa sababu alama ya mchemraba inayoonyesha 3D bado imewashwa na kila kitu kinaonekana salama. Kisha kuna kompozisheni iliyofungiwa ndani ya nyingine. Hiyo, isipowashiwa swichi ya kufungua mageuzi, ile yenye alama kama jua dogo, huchukuliwa kama picha bapa: vilivyomo ndani haviwezi kupishana na vya nje kwa umbali. Na hata ukiiwasha, kuiwekea efekti au maski kompozisheni hiyo kunairudisha kuwa ukuta.

Ukuta una dalili mbili nyingine. Kivuli cha kitu kimoja hakiangukii kitu kilicho kundi jingine. Na vitu viwili vinavyopaswa kupenyana, kwa mfano pete inayozunguka neno, havipenyani: pete nzima hukaa mbele au nzima nyuma. Ukiona mojawapo, acha Z kwanza.

Kabla ya kugusa namba

Utaratibu wangu sasa ni huu. Kwanza natafuta ukuta: naangalia kila kilicho kati ya leya mbili zinazogombana kwenye orodha, nikizima macho yake moja moja. Leya ikizimwa na ugomvi ukaisha, ukuta umepatikana.

Kusipokuwa na ukuta, nauliza ni Z ya nani. Leya iliyounganishwa na leya mzazi hupimwa kuanzia kwa mzazi wake; mtoto mwenye Z ya 0 ambaye mzazi wake yuko 800 anakaa 800. Kisha nabadilisha mtazamo nitazame kutoka juu, kama ndege, maana hapo umbali hauna pa kujificha. Pia nakumbuka kamera iko wapi. Ikishazunguka nyuma ya mandhari, wimbi la 0 ndilo linalokuwa la mwisho, na programu haijakosea.

Tatizo likiwa ni kumetameta, leya mbili zikibadilishana zamu fremu hadi fremu, mara nyingi zimewekwa umbali uleule. Sogeza moja kwa pikseli moja, inatosha.

Ukihamia programu nyingine, sheria husogea. Kwenye Motion ya Apple, kundi la 3D lina kisanduku cha kuchagua lifuate mpangilio wa orodha badala ya umbali. Mtu akikiwasha bila kujua, Z yake yote inakuwa kazi bure. Kwenye Blender, Z haielekei mbele wala nyuma, inakwenda juu.

Jahazi langu lilipona saa nane usiku. Niliirudisha Z kuwa 300. Nikaifuta leya ya marekebisho, na ile efekti ya wekundu nikaiweka moja kwa moja kwenye leya ya anga na za mawimbi yote mawili, kwani efekti iliyo juu ya leya ya kawaida ya 3D haijengi ukuta. Anga ilikuwa 2D, lakini ilikuwa chini kabisa ya orodha, haikutenganisha mtu na mtu. Tumbo la jahazi likazama tena. Saa mbili zilizotangulia nilikuwa nimezimaliza kwenye namba ambayo tangu mwanzo ilikuwa sahihi.