Kwenda Pemba na Unguja: Kitambulisho Pekee Hakitoshi

Kwa familia nyingi za Vanga, Jimbo, Shimoni na Wasini, Pemba si ugenini. Kuna mashangazi huko, kuna makaburi ya mababu, na posa bado zinavuka bahari huku na huku. Kisheria, hata hivyo, Pemba na Unguja ni sehemu ya Tanzania, na mkaazi wa Kwale anayekwenda huko anatoka nje ya Kenya hata kama anakwenda kumzika babake mdogo.

Hoja hii imekuwa na uzito zaidi tangu mwaka 2023, Serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa jamii ya Kenya na kuanza kuwapa vitambulisho. Wamakonde wa Msambweni walikuwa wamevipata miaka michache kabla yao, baada ya kutembea kwa miguu hadi Nairobi mwezi Oktoba 2016. Watu walioishi miongo mingi bila stakabadhi yoyote sasa wanaweza kusafiri kihalali kuwaona jamaa zao. Tatizo ni kwamba baadhi yao wanadhani kipande kinatosha kuwavusha.

Dhana hiyo ina chanzo chake. Tangu Januari 2014, Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Nchi hizo tatu zilikubaliana hivyo kati yao. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Katika mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, Mkenya anatakiwa kuwa na pasipoti au kibali cha muda cha kusafiri ndani ya Afrika Mashariki. Viza haihitajiki, wala hakuna ada ya kuingia kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kanuni za Soko la Pamoja zinaruhusu mgeni kukaa hadi miezi 6, lakini siku za kuhesabu ni zile alizoandika afisa kwenye muhuri. Zisome kabla hujaondoka dirishani.

Pasipoti haitolewi na kaunti. Uhamiaji ni kazi ya serikali ya kitaifa, na maombi hufanywa kwenye mtandao wa eCitizen. Asiyejua kutumia kompyuta anaweza kusaidiwa katika kituo cha Huduma cha Kwale. Baada ya kulipa, mwombaji huchagua siku ya kufika mwenyewe katika ofisi ya Uhamiaji, na kwa watu wengi wa huku hiyo ni ofisi ya Mombasa, ili achukuliwe alama za vidole na picha. Pasipoti ya kurasa 34 hugharimu shilingi 7,500 tangu ada zilipopandishwa mwaka 2024, nayo hudumu miaka 10. Kwa anayekwenda kumwona mama mara moja kwa mwaka, kibali cha muda ni nafuu zaidi, na pia huombwa kupitia eCitizen. Kasoro yake ni kwamba nje ya Afrika Mashariki hakikufai kitu.

Wengi hukwama kwenye cheti cha kuzaliwa. Ombi la pasipoti hudai kitambulisho pamoja na cheti hicho, na wazee waliozaliwa nyumbani, kwa mkunga wa kijiji, mara nyingi hawana. Kwao njia ni usajili wa kuchelewa, unaoanzia kwa chifu au naibu wake. Hatua hiyo ndiyo inayokula muda, kwa hiyo ni vyema ianze miezi kadhaa kabla ya safari, si wiki ya harusi. Mtoto naye huhitaji pasipoti au kibali chake mwenyewe. Mzazi mmoja akisafiri naye, abebe barua ya idhini ya mwenzake.

Jambo la pili linalosahaulika ni chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Tanzania hudai cheti kwa msafiri anayetoka huku. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa Jumatatu ukasafiri Ijumaa, hujatimiza sharti. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti kimoja hutosha maisha yote, hata vile vya zamani vilivyoandikwa miaka 10.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Zanzibar pia inawataka wageni kutoka nje kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo ni dola 44 kwa mtu mzima. Muulize wakala wa meli kuhusu bima hiyo kabla ya kukata tiketi.

Wasafiri wengi hupita Lunga Lunga hadi Tanga, kisha hupanda meli ya Pemba. Lunga Lunga na Horohoro ni kituo cha pamoja: ukitoka Kenya unahudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili upande wa Horohoro, na ukirudi, upande wa Lunga Lunga. Visiwani stakabadhi hukaguliwa tena bandarini, hivyo usizifungie ndani ya sanduku.

Anayeondoka Shimoni kwa jahazi anapaswa kupita kwanza ofisi ya Uhamiaji ya hapo agongewe muhuri wa kutoka. Asipofanya hivyo, huko aendako ataonekana ameingia kwa njia ya panya, hata akiwa na pasipoti mpya.

Wavuvi wazingatie jambo moja zaidi. Mpaka wa baharini ulikubaliwa na serikali hizi mbili mwaka 1975 na 1976, na upo hata kama hauonekani. Pasipoti inamruhusu mtu kutembelea Pemba. Haimruhusu kutega nyavu huko. Anayetaka kuvua ng'ambo anahitaji leseni ya upande huo, na maelezo aanze kuyatafuta kwa kamati ya BMU ya ufuo wake.