Oili isiyo sahihi inavyoua giaboksi za otomatiki

WENYE magari wengi mijini hukumbuka kubadili oili ya injini kila baada ya kilometa 5,000, lakini hukaa miaka bila kujua rangi ya oili iliyomo ndani ya giaboksi. Siku gari linapokataa kuondoka kwenye taa za barabarani, ndipo hugundua kwamba gharama ya kukarabati kifaa hicho inaweza kula sehemu kubwa ya thamani ya gari lenyewe.

Tatizo hilo huwagusa zaidi wanaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo yamejaa katika barabara za Dar es Salaam na Nairobi. Mengi kati ya hayo ni ya otomatiki, na vitabu vyake vya maelezo, pale vinapokuwapo, vimeandikwa kwa Kijapani.

Katika gari la otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga. Nguvu ya injini huifikia giaboksi kupitia oili. Mfano rahisi ni wa feni mbili zilizotazamana, moja ikiwa imewashwa na nyingine imezimwa; upepo wa ile ya kwanza huizungusha ya pili. Ndani ya giaboksi, kinachofanya kazi ya upepo huo ni oili.

Oili hiyo hiyo husukumwa na pampu na kubana sahani za klachi zilizo ndani, ili gia ziingie na kutoka zenyewe. Aidha, hulainisha vyuma na kuondoa joto. Kwa sababu hiyo, ikipungua, ikichakaa au ikiwa ya aina isiyostahili, sahani huteleza, huungua, na unga wake huziba njia nyembamba za oili.

Hapo ndipo kosa linalotokea katika gereji nyingi linapoanzia, nalo ni kudhani kwamba kila oili nyekundu inafaa kwa kila giaboksi. Toyota, kwa mfano, ina magari yanayotumia oili ya T-IV na mengine ya WS, na hizo si oili moja. Honda na Nissan nazo zina za kwao.

Hatari ni kubwa zaidi kwa magari yenye giaboksi za CVT. Hizo hazina gia za hatua kama za otomatiki ya kawaida, bali mkanda au mnyororo wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Oili yake imetengenezwa ili mkanda usiteleze. Ikiwekwa oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda huweza kuteleza na kukwaruza puli, na giaboksi kuharibika.

Dalili za ugonjwa huonekana mapema kwa dereva aliye makini. Gari huchelewa kuondoka baada ya kuwekwa gia ya D au R, injini hupiga kelele bila mwendo kuongezeka, gia huingia kwa kishindo, au matone mekundu huonekana chini gari linapoegeshwa. Katika baadhi ya magari, taa ya O/D OFF inayowaka na kuzima yenyewe ni ishara ya hitilafu.

Kupima oili hakuhitaji gereji iwapo gari lina kijiti cha kupimia. Gari huegeshwa mahali tambarare likiwa limeshapata moto na breki ikiwa imekanyagwa, kisha gia hupitishwa katika nafasi zote na kurudishwa P. Kwa magari mengi, kijiti huchomolewa injini ikiwa inaunguruma, hufutwa kwa kitambaa safi, hurudishwa na kusomwa upya. Hata hivyo, yapo magari, yakiwamo mengi ya Honda, ambayo hupimwa mara baada ya kuzima injini.

Oili nzuri huwa angavu. Iliyo nyeusi na yenye harufu ya kuungua ni onyo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi, na gari halipaswi kuendeshwa tena hadi litengenezwe.

Muda wa kubadili hutegemea maelekezo ya mtengenezaji, ingawa mafundi wengi hupendekeza kati ya kilometa 60,000 na 100,000, na mapema zaidi kwa gari linalokaa kwenye foleni au kubeba mizigo mizito. Ni vyema kufahamu kwamba kufungua nati ya chini humwaga sehemu tu ya oili. Nyingine hubaki ndani. Ndiyo maana kazi hiyo hurudiwa mara mbili au tatu, huku chujio likibadilishwa na sumaku za kwenye sinia la oili zikisafishwa.

Wapo wanaoogopa kubadili oili ya zamani kwa madai kwamba giaboksi hufa baada ya hapo. Mara nyingi giaboksi ya aina hiyo ilikuwa imeshachoka kabla ya kuguswa. Kwa gari lisilo na kumbukumbu, njia salama ni kumwaga na kujaza kidogo kidogo badala ya kusukuma oili kwa mashine yenye shinikizo.

Si kila hitilafu inadai giaboksi nyingine. Fundi mwaminifu huanza na kiwango cha oili, hupima gari kwa kompyuta, kisha hukagua nyaya na valvu za umeme kabla ya kuishusha. Ikibidi kununua iliyotumika, namba ya aina ya giaboksi iliyo kwenye kibati cha gari lazima ilingane na ya inayonunuliwa. Mabomba ya kupoza oili nayo yasafishwe, la sivyo uchafu wa giaboksi iliyokufa utaiua na ile mpya.

Madereva nao wana wajibu wao. Gari lisimame kabisa kabla ya kutoka R kwenda D. Lisizuiwe mlimani kwa kukanyaga mafuta. Na linapoharibika, magurudumu yanayoendesha gari yainuliwe wakati wa kuvutwa, kwani injini ikizimwa pampu haisukumi oili.

Kwa anayetaka kununua gari, kuuliza aina ya oili ya giaboksi na lini ilibadilishwa mara ya mwisho ni swali la dakika moja. Muuzaji akikosa jibu, kijiti kichomolewe kabla fedha hazijatolewa.